Madebe Kumi na Mawili ya Mwalimu Bitutu

Watu wa upande wa Sironga wakimtaja Mwalimu Bitutu, binti Onchiri, hucheka kabla hawajasema neno. Si kwamba alikuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa mwembamba, mwenye uso mzito kama wa mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba, na wageni wengi walidhani ni mkali. Utundu aliuficha nyuma ya uso huo, na aliyekuja kuugundua alikuwa keshachelewa.

Wanafunzi wapya aliwaambia siku ya kwanza kwamba hesabu alifundishwa na chumvi, na haukuwa uongo. Mwaka wa 1963, akiwa bado mwalimu mwanagenzi wa shule ya msingi, alikwenda mjini Kisii kununua chumvi dukani kwa Jagdish. Siku hizo Jagdish alikuwa akifungia bidhaa kwa kurasa za vitabu ambavyo mwanawe alikuwa amevimaliza shuleni. Bitutu alipofika nyumbani na kumimina chumvi, akaona kwenye karatasi picha ya tangi lenye umbo la pia, ncha ikiwa chini. Maji yanaingia kwa kasi ile ile, swali likasema. Je, yakifika kina fulani, uso wake unapanda kwa kasi gani? Jibu lilikuwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulikuwa umekwenda na vitunguu vya mtu mwingine.

Akakosa usingizi. Kesho yake akarudi kununua chumvi, na keshokutwa pia, kila mara akiomba afungiwe kwa kitabu kile kile. Siku ya nne Jagdish akaweka mizani chini.

"Dada, nyumbani kwenu mnafuga ng'ombe wangapi wanaolamba chumvi hivi?"

Bitutu akamwambia ukweli. Jagdish akacheka mpaka mkewe Sumitra akatoka nyuma kuangalia kuna nini, kisha akampa kitabu chote kilichobaki. Kurasa arobaini za mwanzo zilikuwa zimeshakwisha. Ndiyo maana Bitutu maisha yake yote alijua hesabu ya kasi kuanzia ukurasa wa arobaini na moja. Ya nyuma yake aliyabuni mwenyewe, na mengine aliyabuni vizuri kuliko mwenye kitabu. Akasoma kwa posta, akafanya mitihani ya juu, akafaulu, na mwaka wa 1969 shule ya sekondari ya harambee iliyojengwa na wazazi karibu na Sironga ikamwajiri.

Huko alianzisha darasa la hesabu za ziada. Wanafunzi wake walikuwa sita, wanne kati yao wasichana, na alilipenda darasa hilo kuliko chakula. Hapo ndipo anapoingia Mzee Onyancha.

Mzee Onyancha alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na pia mzee wa kanisa la Wasabato lililokuwa ng'ambo ya uwanja. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa haki, mchapakazi, na hakuna siku aliyowahi kuwa na shaka. Jumatano moja ya mwaka wa 1972 alisimama mlangoni pa darasa lile akiwa na fimbo yake ya kupimia, akausoma ubao kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ni hesabu au ni barua?"

"Ni hesabu, Omogaka." Ndivyo mtu anavyomwita mzee wa heshima huko kwao, na Bitutu hakukosa heshima hata alipokuwa anakuchimbia shimo.

"Naona d iko juu, na d iko chini. Sisi tulifundishwa kwamba kitu kikiwa juu na chini, kinakatwa. Kata hizo d, watoto waende shamba."

Wanafunzi wakainamisha vichwa. Bitutu akabaki na uso wake wa msiba. Kisha mzee akasema lililomleta: Jumatatu kamati itakaa, naye atapendekeza darasa hilo lifungwe na saa zake zipewe kilimo cha pareto. Pareto mtu anaiona, anaichuma. Hizo herufi nani amewahi kuzichuma?

Jambo hilo lilimuuma Bitutu kama kidole kilichobanwa na mlango. Angeweza kulia, na nadhani angelia kama wanafunzi hawangekuwepo. Badala yake akauliza kwa upole, "Omogaka, lile birika lako la ubatizo, litajaa lini?"

Sasa niwaeleze birika. Mwaka uliotangulia ubatizo ulifanyika mtoni wakati wa kiangazi, na maji yalikuwa haba hata bega la mama mmoja mnene likabaki kavu. Wasabato huzamisha mtu mzima mzima. Mchungaji Nyangau, aliyekuwa akizuru mara mbili tu kwa mwaka, alimrudisha mama yule majini mara tatu, na watu wakalizungumza bega hilo mpaka Kiogoro. Mzee Onyancha akaapa kwamba haitatokea tena. Akajenga birika la saruji nyuma ya kanisa, lenye urefu wa futi kumi na kina cha futi nne, na ukingo mfupi juu yake. Ila saruji ilikuwa chache, kwa hiyo akalijenga kama paa la nyumba lililopinduliwa: juu upana wa futi nane, na kuta mbili ndefu zikishuka kwa mshazari hadi zikutane chini, pahali pa unyayo mmoja tu. Kwenye ukuta wa mwisho, uliosimama wima, akapachika msumari mrefu kwenye futi ya nne. Akatangaza kanisani kwamba maji yasipoufunika msumari ule, hakuna ubatizo. Mchungaji akapelekewa habari, naye akausifu sana msumari.

Maji yalitoka kwenye chemchemi ya juu kwa bomba jembamba. Yangefunguliwa Alhamisi saa sita mchana, na yangefungwa Ijumaa jua likitua, maana hapo Sabato inaingia na kazi zote zinakoma. Ubatizo ulikuwa Jumamosi asubuhi.

"Nitakuambia nikishapima," mzee akamjibu Bitutu.

Alhamisi akafungua bomba. Saa nane akashusha fimbo: futi moja kamili. Akasimama kando ya birika, kifua mbele, akawaambia akina mama wa Dorkasi, chama cha huduma cha kanisa, waliokuwa wakifagia uwanja, "Futi moja kwa saa mbili. Futi nne kwa saa nane. Leo saa mbili usiku msumari utafunikwa. Msibebe maji."

Bitutu alikuwa amefika na debe moja na saa yake ya mkononi. Alikinga debe chini ya bomba, akaangalia saa: lilijaa kwa dakika saba na robo tatu hivi. Akalimimina birikani, akaandika kwenye kiganja. Hiyo ilikuwa, akikaza macho kidogo, futi tano za ujazo kwa saa. Akapima mdomo wa birika, akapima kina, akaandika tena.

"Omogaka, mimi naona ni kesho saa mbili usiku."

"Kesho!" Mzee akacheka hadi fimbo ikatikisika. "Mwalimu, umeongeza siku nzima. Herufi zimekupoteza."

"Basi nikikosea, Jumatatu nitakuja mwenyewe kwenye kamati niseme darasa lifungwe. Nikipatia, libaki."

"Sisi hatuchezi kamari."

"Si kamari. Ni mtu mmoja kukubali kwamba ameshindwa. Hakuna andiko linalokataza hilo."

Mke wa mzee, Mama Drusilla, mwenyekiti wa Dorkasi, alikohoa ndani ya kanga yake. Akina mama wakaacha kufagia. Kwa kuwa walikuwa wanatazama, Mzee Onyancha alikubali.

Jioni ile Drusilla alimkuta Bitutu njiani, akamshika mkono. "Mwanangu, yule mume wangu ni mgumu, lakini kwa vipimo sijawahi kumwona akikosea. Umeona nini?"

"Mama, hajakosea kupima. Amekosea kudhani." Bitutu akachutama, akachora birika vumbini. "Bomba halichoki. Linatoa yale yale kila saa. Lakini chini birika ni jembamba, maji kidogo yanaruka juu. Kadiri yanavyopanda, uso unapanuka, na maji yale yale yanatandazwa mahali pakubwa zaidi. Kwa hiyo kila yanavyokwenda juu, yanakwenda polepole. Ni kama samli. Kijiko kimoja kwenye kikombe unakiona. Kimwage kwenye sinia, utakitafuta."

"Hilo hata mimi nalijua."

"Basi umeshajua hesabu ya kasi. Herufi ni za kutuambia polepole kiasi gani tu." Akaandika chini ya mchoro. Upana wa maji siku zote ni mara mbili ya kina, kwa hiyo ujazo ni kumi mara kina mara kina. Ukitaka kujua ujazo unabadilika kwa kasi gani, unapata ishirini mara kina, mara kasi ya kina chenyewe kupanda. Na hiyo yote lazima iwe tano, kwa sababu bomba linatoa tano. Akafuta, akagawanya, akageuza futi kuwa inchi, na kilichobaki kilikuwa kifupi hata Drusilla alikishika kwa kichwa: inchi tatu, ugawanye kwa kina. Maji yakiwa futi moja, yanapanda inchi tatu kwa saa. Yakiwa futi mbili, inchi moja na nusu. Yakiwa futi tatu, inchi moja tu.

"Na jua likitua kesho?"

"Yatakuwa yamepungua msumari kwa inchi moja na kidogo."

Drusilla akaifikiria Sabato. Mwezi uliopita mumewe alimsimamisha mama mmoja ushirika kwa sababu alimalizia kusaga wimbi dakika tano baada ya jua kutua. Mtu wa namna hiyo hangeacha bomba litiririke ndani ya Sabato, hata kama amri ya nne haitaji bomba popote. Ubatizo ungeahirishwa kwa inchi moja.

"Sasa nisikilize," Drusilla akasema. "Ukimwaibisha mbele ya Mchungaji, utakuwa umeshinda, na Jumatatu atakufungia darasa na madirisha yake. Namjua. Nimelala na huyo mtu miaka thelathini."

Bitutu alikuwa amejitayarishia kwa furaha uso wa mzee jua likitua. Alikuwa ameshauona, ameshauonja. Kuambiwa auache kulimkera sana, na alikerwa zaidi kwa kuwa mama alisema kweli.

"Inahitajika maji kiasi gani?" Drusilla akauliza.

Bitutu akapiga hesabu vumbini. "Madebe kumi na mawili."

"Tulete ishirini, tuwe salama."

"Tukileta ishirini atasema nilikisia. Kumi na mawili, Mama. Na yafichwe."

Ijumaa alfajiri mzee alikuwa birikani kabla ya ndege. Saa mbili usiku fimbo ilikuwa imesema futi mbili tu; sasa ilisema futi tatu. Hakukubali kwamba ameshindwa. Alisema vyura wameingia kwenye bomba. Akapanda mlimani, akaling'oa bomba chemchemini, akachungulia, akapuliza, akalirudisha upesi. Chura hakuonekana. Akashuka na hesabu mpya: futi ya mwisho imechukua tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa kumi. Basi futi iliyobaki nayo ni saa kumi. Leo saa kumi jioni, kazi kwisha, na jua bado liko juu.

"Vipi, Mwalimu?" akauliza. "Ile saa mbili usiku yako iko wapi?"

"Omogaka, tungoje saa moja tu, uone imepanda kiasi gani."

Walingoja, wakipima muda kwa saa ya Bitutu. Yalipanda inchi moja. Mzee akaitazama fimbo, akamtazama Bitutu, akasema vyura wamerudi.

Saa kumi jioni zilibaki inchi tatu. Mchungaji Nyangau aliwasili, akaoneshwa msumari, akaanza kuangalia jua. Saa kumi na mbili ilibaki inchi moja na nusu, na wabatizwaji ishirini na watatu walikuwa wamekaa kwenye nyasi na nguo zao nyeupe za kesho wakiwa wamezikunja mapajani. Hapo ndipo Mzee Onyancha alipofanya kosa ambalo mtu wa fimbo tu anaweza kulifanya.

"Inchi moja na nusu ni nini?" akasema. "Ni kidole. Mama Drusilla, niletee debe moja."

Likaletwa moja la yale kumi na mawili, ambalo Drusilla alikuwa ameliweka jikoni mwa kanisa. Akalimimina mwenyewe, kwa madaha. Maji yakayumba, yakatulia, na msumari haukujali. Akashusha fimbo. Akaipangusa, akaishusha tena. Yalikuwa yamepanda kiasi cha unene wa senti.

Mzee akatazama bonde. Kisima cha karibu kilikuwa chini kabisa, kwenda na kurudi nusu saa. Jua lilikuwa limebakisha nusu saa. Akaiweka fimbo chini, na Bitutu, ambaye alikuwa ameungoja uso huo tangu Jumatano, aliuona na hakuufurahia hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu mzima anayekaribia kulia mbele ya watu.

Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ili Mchungaji asisikie. "Omogaka, bado kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Madebe. Hesabu ilikuwa kumi na mawili, umeshamimina moja. Akina mama wameyateka tangu mchana. Yako nyuma ya choo cha walimu, chini ya majani ya migomba."

Mzee akageuka, akamtazama mkewe. Drusilla alikuwa akiangalia mawingu kama mtu anayesubiri mvua.

Madebe yakaja moja moja juu ya vichwa vya akina mama wa Dorkasi, na mzee akayahesabu kwa sauti kama anayeita majina ya wanafunzi. La tano. La sita. Kila moja lilikuwa dogo kwa birika, na kila baada ya moja mzee aliinama kwenye msumari. La tisa. La kumi. Watu wakaanza kusimama. La kumi na moja lilimiminwa jua likiwa limekalia kilima, na kichwa cha msumari bado kilikuwa nje, kikavu, kinang'aa. Bitutu aliirudia hesabu yote kichwani. Kama amekosea kwa madebe mawili au matatu, darasa limekwenda, na ubatizo nao, na wote wangesema ni yeye aliyewazuia akina mama kuleta ishirini.

Likaja la kumi na mawili. Mzee akalimimina polepole kuliko yote. Maji yakafanya mawimbi, msumari ukazama, ukatokea, ukazama. Yalipotulia, utando mwembamba wa maji ulikuwa umepita juu ya msumari, unene wa ukucha labda.

"Funga bomba," mzee akasema, na jua likatua.

Walioimba waliimba. Mchungaji Nyangau akamshika mzee mkono, akamsifu kwa kipimo cha ajabu kiasi hicho, na mzee akapokea sifa akiangalia chini. Bitutu naye alikuwa akiimba, tena kwa sauti, mpaka alipokumbuka jambo likamkatisha wimbo katikati.

Asubuhi ile, kabla ya shule, bila kumwambia Drusilla wala mtu yeyote, alikuwa ameteka debe moja zaidi na kulificha peke yake chini ya upenu wa kanisa, karibu na mlango. La kumi na tatu. Yeye aliyejigamba kwamba ni kumi na mawili, si moja zaidi! Na sasa Sabato ilikuwa imeingia. Kubeba debe ni kazi. Hakuna mkono ambao ungeligusa hadi Jumamosi jioni.

Kwa hiyo lilikaa pale pale. Jumamosi watu mia mbili walilipita wakiingia kanisani, limejaa pomoni, na Bitutu alikaa kiti cha nyuma akiliangalia mlangoni kama mtu anayeangalia nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani. Ubatizo ulikwenda vizuri. Hakuna bega lililobaki kavu. Walipokuwa wakitoka, Mchungaji Nyangau alisimama mbele ya debe.

"Mzee Onyancha, na hili ni la nini?"

Mzee akalitazama. Akahesabu kimya, Bitutu aliona midomo yake ikitembea. Kisha akainua macho, akamkuta mwalimu katikati ya watu, na kwa mara ya kwanza walitazamana bila fimbo kati yao. Bitutu akajua amekwisha. Neno moja tu la mzee, na kijiji kizima kingejua kwamba hata mwenye herufi hakuziamini herufi zake.

"Ni maji ya kunywa ya wageni, Mchungaji," mzee akasema. Na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na ilikuwa Sabato, akaomba kikombe, akachota, akanywa chote mbele ya watu, ili usiwe uongo.

Jumatatu kamati ilikaa katika darasa la kwanza. Bitutu aliitwa, akakaa karibu na mlango, mikono mapajani. Wajumbe walikuwa wameshaambiwa tangu wiki iliyopita kwamba hesabu za ziada zinafungwa, na katibu alikuwa ameshaandika nusu ya sentensi.

"Futa hiyo," Mzee Onyancha akasema. "Darasa linabaki."

Wakashangaa. Mmoja akauliza kama ni kwa sababu mwalimu alipatia yale madebe.

"Hapana. Kupatia hata mjinga hupatia siku moja." Mzee akaikunja mikono yake mikubwa ya mawe mezani. "Mimi nilijenga birika lile bila kuogopa hata siku moja kwamba naweza kukosea. Nikapima bila kuogopa, nikatangaza bila kuogopa, nikatafuta vyura. Huyu mwalimu alikuwa na hesabu yake imekamilika, tena ya kweli, na bado aliteka kwa siri debe la kumi na tatu. Watoto wangu nitawaacha kwa mtu kama huyo."

Bitutu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alitafuta leso na hakuipata.

"Niandike nini, Mzee?" katibu akauliza.

"Andika darasa linaendelea," Mzee Onyancha akasema. "La debe usiandike."